Kuanza kula vyakula vibichi: nilivyokosea mwanzoni na ninavyokula sasa (uzi mrefu)

Binti_Muheza

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita niligusia kwenye uzi wa mambo ya afya kwamba zaidi ya nusu ya ninachokula hakipiti motoni. Tangu siku hiyo meseji haziishi. Nimeona niandike mara moja, kila mwenye nia asome, na wenye ujuzi kunizidi wanirekebishe.

Kwanza tuelewane neno. Kiswahili chetu kinatumia "bichi" kwa mambo mawili: embe bichi ni ambalo halijaiva, nyama mbichi ni ambayo haijapikwa. Hapa nazungumzia hilo la pili. Ndizi mbivu, papai lililoiva mpaka linanukia, parachichi linalobonyea, vyote kwenye uzi huu ni vyakula vibichi. Wenye msimamo mkali huko Ulaya na Marekani huweka mpaka kwenye nyuzijoto 40 na kitu, wengi husema 48. Kikipashwa zaidi ya hapo wanakihesabu kimepikwa. Nyama, samaki, mayai na maziwa visivyopikwa mimi sivigusi, na uzi huu hauvihusu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Tabata. Kazi ya kukaa kutwa. Januari 2022 nilikuwa na kilo 91, kiungulia kila usiku, na choo napata siku ya tatu au ya nne. Nikakutana na video za dada mmoja wa nje anayeishi kwa matunda na majani tu. Anasema moto unaua vimeng'enya vya chakula, yaani vile vinavyosaidia kukisaga tumboni, ndiyo maana tunaugua. Nikaamini yote. Jumatatu niliamka, nikafunika jiko la gesi na khanga, nikawaambia wa nyumbani kwamba mimi na moto basi.

Siku ya tatu kichwa kikaanza kugonga. Kwenye zile video wanasema hizo ni sumu zinatoka mwilini. Nilikuwa mtu wa chai ya rangi vikombe vinne kwa siku na nimevikata vyote kwa mpigo. Kila mnywaji wa chai na kahawa anakijua kichwa cha namna hiyo. Kikaisha baada ya siku nne, nikazidi kuamini.

Wiki ya sita nimepungua kilo 9. Majirani wananisifu. Lakini nilikuwa nasikia baridi, Dar es Salaam, mwezi wa pili, wakati wenzangu wanajipepea. Nikitunga uzi kwenye sindano vidole vinatetemeka, natunga mara tatu mara nne ndiyo upite. Hedhi ya Februari haikuja, ya Machi haikuja, na mimba sina. Nikaenda kituo cha afya. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Kwa siku unakula kiasi gani?" Nikaanza kumtajia aina za vyakula. Akasema hakuuliza aina, ameuliza kiasi.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa utulivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, walichapisha mwaka 1999 utafiti wao juu ya watu 513 waliokuwa wakila hivi kwa muda mrefu, wastani wa karibu miaka minne. Kwa wanawake walio chini ya miaka 45, karibu asilimia 30 hedhi zao zilivurugika au zilikatika kabisa, na kadiri mtu alivyozidi kuondoa vilivyopikwa ndivyo hatari ilivyoongezeka. Nilisoma pale nikaona ni mimi ninaandikwa.

Na ile habari ya vimeng'enya haina mashiko. Kimeng'enya ni protini. Kikifika tumboni kinakutana na asidi, kinasagwa kama protini nyingine yoyote. Mwili wako unatengeneza vyake.

Sasa hesabu, ambayo ningeijua mapema ingeniokoa. Gramu 200 za unga wa sembe, yaani sahani moja ya ugali ya mtu mzima, zina kalori kama 720. Gramu 100 za tango zina 15. Ukitaka kuziba pengo la ule ugali kwa matango, utafune karibu kilo 5. Kwa nyama ya embe ni kama kilo moja na robo. Kwa parachichi ni gramu 450, mawili makubwa. Kwa karanga ni gramu 130 tu. Anayeanza huondoa ugali na wali, akajaza nafasi yake kachumbari, akaona sahani imejaa na tumbo limejaa, kumbe anajinyima chakula mchana kutwa. Ndicho nilichofanya mimi kwa wiki sita.

Ninavyokula sasa, mwaka wa tatu huu:

Asubuhi sipiki kitu. Papai nusu au embe kutegemea msimu, ndizi mbivu mbili, na bakuli la ubuyu niliolowesha usiku, nikauvuruga kwa mkono na kuchuja mbegu. Nikikuna nazi, tui lake la kwanza naliweka humo humo. Saa nne karanga kiganja kimoja na nusu.

Mchana nusu sahani ni mbichi: kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, karoti ya kukwaruza, hoho, tango, nyanya, giligilani, ndimu, na parachichi zima. Nusu ya pili imepikwa. Kunde, maharage, viazi vitamu, wali kidogo, samaki mara mbili tatu kwa wiki. Usiku mara nyingi ni tunda na uji, au kilichobaki mchana.

Hedhi ilirudi Juni mwaka ule ule. Kilo sasa ni 76 na zimetulia hapo. Kiungulia kimeondoka, choo ni kila siku asubuhi. Hayo mawili ya mwisho ndiyo niliyoyatafuta tangu mwanzo, na nimeyapata bila kuhamisha jiko.

Kwa anayeanza kesho ushauri wangu ni huu. Usianze na siku nzima. Anza na asubuhi peke yake kwa wiki mbili, ukiizoea ongeza nusu sahani ya mchana. Tumbo ambalo limezoea sembe likipewa kabichi na nyuzinyuzi zote hizo kwa siku moja litajaa gesi mpaka ukose usingizi. Na kabla hujaongeza jani lolote, hakikisha parachichi, nazi, karanga na ndizi vipo ndani, maana hivyo ndivyo vitakavyokushikilia.

Jambo jingine ni choroko za kuotesha. Kikombe kimoja loweka usiku. Asubuhi mwaga maji, ziache kwenye chujio, funika na kitambaa kibichi, suuza asubuhi na jioni. Siku ya pili ganda la kijani linapasuka na kimkia cheupe kinachungulia, urefu wa punje ya mchele. Ukitafuna zinalia, na utamu wake unafanana na njegere changa. Ni za bei nafuu na zinajaza. Mimi nazila hivyo hivyo na chumvi na ndimu.

Karibuni tujadili.

Siti_ya_Mbele

Asante dada. Niko hapa, nasubiri wataalamu waje. Mwezi wa nane ninaoa, nataka kitambi kitoke.

Nesi_wa_Zamu

Dada hongera kwa kusema ukweli wa hedhi, wengi huficha. Mimi ni muuguzi, zamu yangu ni wagonjwa wa nje, na niongeze mambo ambayo naona anayeanza ayajue kabla ya mapishi.

La kwanza ni maji na udongo. Hizo nadharia za Ulaya na Marekani zimeandikwa na watu ambao bomba lao likifunguliwa maji yananyweka. Sisi mchicha na saladi vingi vya Dar vinalimwa mabondeni, na bonde la Msimbazi linajulikana kwa maji yake machafu. Mboga ikipikwa, moto unamaliza minyoo, taifodi na amiba. Ikiliwa mbichi, kazi yote ya ule moto inabaki mikononi mwako.

Watu wanaloweka mboga kwenye maji ya chumvi wanadhani wamemaliza. Chumvi haiui amiba. Hata dawa ya maji ya kawaida, klorini, inasaidia sana kwa bakteria wa taifodi na kipindupindu, lakini amiba akiwa kwenye ganda lake anaistahimili. Kinachosaidia ni kusugua kila jani chini ya maji safi yanayotiririka, kumenya, au moto. Kwa hiyo nawaambia wagonjwa wangu: kwa kula kibichi chagua kwanza vyenye ganda unalomenya mwenyewe. Ndizi, papai, embe, parachichi, nanasi, chungwa, tango, karoti. Kabichi toa majani matatu ya nje. Saladi na mchicha mbichi viache, au panda mwenyewe kwenye ndoo kwa maji unayoyajua. Tunda lililokatwa barabarani na kufunikwa nailoni, hapana. Kipindupindu kikizuka huanza kupigwa marufuku hayo hayo pamoja na kachumbari za vibandani, na kuna sababu.

La pili, choroko zako. Mazingira yanayofanya mbegu iote, joto na unyevu kwa siku mbili, ndiyo yanayofanya bakteria wazaliane. Kama bakteria alikuwepo kwenye mbegu, ukisuuza juu juu humtoi. Zikishaota zitupe kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu, kisha kula. Zitabaki kulia mdomoni.

La tatu, vitamini B12. Haipatikani kwenye mmea wowote tunaokula. Wewe unakula samaki, uko salama. Anayeacha nyama, samaki, mayai na maziwa vyote lazima atumie vidonge vyake. Mwili una akiba ya miaka, kwa hiyo atajiona mzima mwaka wa kwanza na wa pili, halafu ganzi inaanza miguuni.

Binti_Muheza

Nesi, nimeshukuru na nimepokea. La saladi nalijua kwa kuumwa. Mwaka 2023 nililazwa siku mbili kwa amiba, na nilikuwa nimesuuza saladi kwa maji ya chumvi kama ulivyosema. Niliinunua ikiwa imelowa vizuri inang'aa, muuzaji alikuwa akiinyunyizia maji kutoka kwenye ndoo, sikuuliza yametoka wapi. Choroko nitazichovya kuanzia leo. Nimehariri moyoni, bandiko la juu naliacha lilivyo ili mjadala ueleweke.

Mzaramo_Hamburg

Naunga mkono ya Nesi kuhusu mbegu zilizooteshwa. Mimi naishi Ujerumani kaskazini, na Mei 2011 nilikuwa hapa hapa Hamburg. Watu walianza kuharisha damu, figo zinakufa, vijana wenye afya zao, wengi wao wanawake wapenda saladi. Kwanza walisema ni matango ya Hispania. Wakulima wa kule wakamwaga matango kwa malori, kumbe hayakuwa yenyewe. Juni ndipo ikajulikana chanzo ni mbegu za kuotesha kutoka shamba moja la Bienenbüttel, kusini ya hapa, na mbegu yenyewe ilikuwa uwatu ulioletwa kutoka Misri. Uwatu huu huu tunaotilia kwenye mchuzi na tunaowapa kina mama waliojifungua. Waliougua walikaribia 4,000, waliokufa wamezidi 50.

Nchi hii ina maabara kila kona na bado iliwachukua wiki kujua. Tangu hapo mimi uwatu nautia kwenye sufuria tu. Wiki zile kazini kantini ilikuwa inatoa viazi na mchuzi kila siku, meza ya saladi imefunikwa kitambaa cheupe.

Kijana_wa_Kongowe

Naomba kuuliza. Huku kwetu kuna vijana wanapitisha mihogo mibichi kwenye toroli, wanakukatia na kipande cha nazi na karanga. Mimi nakula karibu kila jioni nikitoka kazini. Je, nayo inahesabika kwenye mfumo huu? Maana nimesikia muhogo una sumu.

Mwana_Tarime

Mdogo wangu, hili nalijua, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Muhogo una kemikali ambayo ukiukata au kuutafuna inatoa sayanidi. Muhogo mtamu unayo kidogo, na nyingi iko kwenye ganda. Muhogo mchungu unayo nyingi, na ndiyo sababu bibi zetu waliuloweka, wakauvundika, wakaukausha juani kabla ya kuutwanga. Ukame ukiingia, hata ule mtamu sumu yake hupanda. Kwa macho huwezi kutofautisha, majani na mizizi vinafanana. Mwenye shamba ndiye anayejua mbegu aliyopanda.

Mwaka 1985 wilayani kwetu Tarime kulikuwa na ukame. Watu wakawa wanakula muhogo mchungu bila kuusubiri siku zake, njaa haisubiri. Wakaanza kupooza miguu, ghafla, mtu analala mzima anaamka magoti yamekakamaa. Ugonjwa unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Haurudi nyuma. Nimekua nikiwaona watu wazima wanaotembea kwa fimbo mbili, vidole vya miguu vinakwaruza ardhi. Wataalamu waliouchunguza walisema inatokea pale sumu ya muhogo inapokutana na mwili usiopata protini ya kutosha.

Kipande chako cha jioni na nazi na karanga, muhogo mtamu uliomenywa vizuri, watu wa Pwani wamekula miaka na miaka. Ukiuonja ukaona uchungu, tema. Lakini usiufanye ndiyo chakula chako, wala usiule wakati wa ukame. Na kisamvu kisichopikwa, au juisi yake ambayo siku hizi naona watu wanaitangaza kuongeza damu, msithubutu. Majani yana sumu kuzidi mzizi wenyewe. Kisamvu hutwangwa na kuchemshwa mpaka kiive.

Nesi_wa_Zamu

Mwana Tarime umemaliza. Niongeze maharage: yasiyopikwa yana sumu yake inayoitwa lektini, punje nne tano zinatosha kumtapisha mtu. Yaloweke saa zisizopungua tano, mwaga maji, kisha yachemke kweli kweli. Kuyaacha kwenye moto mdogo bila kuchemka ni hatari zaidi kuliko unavyodhani. Choroko hazina shida hiyo kwa kiwango kile.

Mtwara_Kuchele

Nasoma "korosho mbichi" kila mahali kwenye mitandao ya walaji wa namna hii, na nataka kusema kitu. Mimi nimelelewa na mama mbanguaji wa korosho, Newala. Hakuna korosho mbichi dukani. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi kama tindikali, kwa hiyo korosho lazima ichomwe au ipigwe mvuke kwanza ndipo ibanguliwe. Ile nyeupe mnayoiita mbichi imeshapita kwenye joto, ila haijakaangwa na chumvi.

Mikono ya mama yangu ncha za vidole ni nyeusi, ngozi imebanduka na kuota upya mara nyingi mpaka alama za vidole hazisomeki vizuri. Alikuwa akipaka majivu na mafuta kabla hajaanza kubangua. Asiwadanganye mtu mkachukua korosho yenye ganda mkaing'ata, mdomo utatoka malengelenge. Ileni ile nyeupe, ni chakula kizuri sana, mkijua tu imepita kwenye mikono ya nani.

Binti_Muheza

Mtwara, mfikishie mama shikamoo yangu. Nimekula korosho miaka yote hii na hili sikulijua.

Na karanga nazo zinataka macho. Namwaga sinia, nachambua moja moja, yenye kusinyaa, yenye weusi au ukungu natupa. Ile sumu ya ukungu, sumukuvu, haitoki hata ukikaanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara iliua watu 20 kwa mahindi, na karanga inaipata vile vile. Sinunui zilizokwishamenywa za kwenye gunia la wazi. Nanunua za maganda.

Mama_wa_Watatu

Dada mimi nina watoto watatu, mdogo ana mwaka na nusu. Nataka familia yote tuanze pamoja ili nisipike mara mbili. Na wa kwanza ana miaka tisa, anapenda sana maembe mabichi na chumvi na pilipili. Inafaa?

Nesi_wa_Zamu

Mama, mtoto wa mwaka na nusu hapana. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, hawezi kutoshelezwa na chakula chenye maji mengi namna hii. Atajaa kabla hajashiba. Muongezee matunda na parachichi kwenye milo yake, lakini uji wenye lishe, mayai yaliyoiva, maharage, dagaa na maziwa yaliyochemshwa viendelee. Mjamzito na anayenyonyesha nao waongeze vibichi bila kuondoa vilivyopikwa.

Wa miaka tisa aendelee na embe lake, ila meno. Asidi ya embe bichi, ukwaju na ndimu inalainisha ngozi ya jino. Akimaliza asukutue kwa maji, na asipige mswaki papo hapo. Asubiri nusu saa. Tatizo la meno kulika ni kubwa kwa wanaoishi kwa matunda, ndugu zangu wa malimao ya asubuhi na ninyi sikieni.

Kabichi, karoti na embe ni kwa nyumba nzima. Sufuria la maharage nalo ni la nyumba nzima. Hupiki mara mbili.

Mzee_wa_Ujiji

Vijana, nawasalimu. Nimesoma wote na nimefurahi namna mnavyojadili bila matusi.

Nimeona mahali wanaoutetea mfumo huu wanasema wanyama hawapiki na hawaugui, na kwamba babu zetu walikula vibichi. Mimi ni wa Kigoma na ujanani nimefanya kazi ya ubebaji mizigo kwa wageni waliokuwa wakienda Gombe kutazama sokwe. Sokwe ana taya kubwa na meno mapana, na siku yake karibu saa sita ni kutafuna. Matunda anayokula si haya ya sokoni. Nimeyaonja. Ni magumu, yana nyuzi, na ukali wake unakausha ulimi. Mtaalamu mmoja aliyeanzia Gombe miaka ya 1970, Richard Wrangham, baadaye akafanya utafiti msitu wa Kibale kule Uganda, ndiye anayesema binadamu tulipata tumbo dogo na ubongo mkubwa kwa sababu ya kupika. Wapo wanaombishia kuhusu tarehe za moto wa kwanza, hilo waachieni wenyewe.

Hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma, ubuyu, asali na matunda ya porini wanakula bila moto, lakini nyama wanabanika na mizizi wanaipitisha motoni. Binti amefanya kama wao, bila shaka pasipo kujua.

Binti_Muheza

Shikamoo mzee wangu. Kweli sikujua.

Asiyesahau

Nimesita kuandika, ila kwa ajili ya watu watakaosoma kimya kimya, niandike.

Baba yangu alikuwa na presha, anameza dawa miaka kumi na moja. Akapata mshauri wa vyakula aliyemwambia juisi za majani na matunda zitamsafisha damu na dawa ni sumu. Alipungua uzito, akawa mwepesi, akafurahi. Dawa akaziacha kwa siri, tulizikuta baadaye kwenye mfuko wa koti, kopo tatu hazijafunguliwa. Miezi minne. Alidondoka bafuni, upande wa kulia ukafa na maneno yakapotea. Anaishi, tunamshukuru Mungu, lakini jina langu analitafuta muda mrefu kabla halijatoka.

Chakula chenyewe sikilaumu. Kilimsaidia, na huenda daktari angempunguzia dawa kama angeonana naye. Ninaomba kila mwenye dawa ya presha, sukari, figo, ARV, yoyote ile, abadilishe sahani huku dawa iko pale pale, na anayeamua juu ya dawa awe ni yule aliyeiandika.

Nesi_wa_Zamu

Pole sana ndugu yangu. Nakuombea mzee.

Kwa wengine: wa sukari anayemeza vidonge au kuchoma insulini akipunguza wanga ghafla sukari inaweza kushuka mpaka azimie, kwa hiyo kliniki kwanza. Wa figo, ndizi, parachichi na madafu vina potasiamu nyingi, usijaze kabla hujaambiwa kiwango chako. Wa warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, majani ya kijani yanagongana nayo. Na balungi, ndugu zangu, lina tabia ya kuongeza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na za lehemu (kolesteroli). Ulizeni kwa jina la dawa yenu.

Siti_ya_Mbele

Nimekuja na swali la kitambi nimekuta shule nzima. Nilikuwa na mpango wa kuanza na siku saba za juisi tupu, nimeufuta. Ninaanza na asubuhi.

Kijana_wa_Kongowe

Mrejesho, siku ya kumi na nne.

Naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo nabeba: ndizi tatu, parachichi moja, karanga kwenye kichupa. Siku tatu za mwanzo tumbo lilijaa gesi, nikapunguza kabichi ya mchana, ikatulia. Chapati za asubuhi sijazigusa na sijazitamani kama nilivyodhani. Muhogo wa toroli nimeupunguza hadi mara moja kwa wiki, na nimemuuliza yule kijana anautoa wapi. Kumbe shamba ni la mjomba wake Mkuranga na mbegu anaijua kwa jina.

Tatizo ni moja. Nanunua parachichi sita Jumapili, zote zinaiva Jumatano, Ijumaa natupa mbili. Nafanyaje?

Binti_Muheza

Hongera sana kaka. Usinunue sita za aina moja. Mwambie muuzaji akupe mbili za leo, mbili za keshokutwa, mbili ngumu kabisa; wanajua, wanabonyeza tu karibu na kikonyo. Ngumu zifunge kwenye gazeti uziache kabatini. Ukitaka moja iwahi, ifunge pamoja na ndizi mbivu. Ikilainika tu itie kwenye friji, inakaa siku tatu nne bila kuharibika. Huna friji? Basi nunua tatu Jumapili na tatu Jumatano.